Magudulia Mawili ya Mwaka 1351

Mwambie mtu yeyote achore chombo cha Kichina, naye atachora kitu cheupe chenye maua ya buluu. Sura hiyo imezagaa kiasi kwamba sahani za melamini na chupa za chai zinazouzwa sokoni huiga bila hata muuzaji kujua anaiga nini. Kwa wengi, buluu juu ya nyeupe ndiyo China yenyewe. Lakini mwaka 1388 Cao Zhao, msomi wa Kichina aliyeandika kitabu cha kuwaongoza wapenzi wa vitu vya kale, alivipita vyombo vya aina hiyo kwa dharau na kuviita vya ladha duni. Vyombo vilivyostahili sifa machoni pa wasomi wa tabaka lake vilikuwa vya rangi moja iliyotulia, kijani cha majani mabichi au weupe mtupu, wala si vile vilivyojazwa michoro kuanzia shingoni hadi kitakoni. Iweje basi kitu ambacho mabwana wa adabu wa China walikikunjia uso ndicho kilichokuja kuwa nembo ya nchi yao? Jibu langu ni kwamba kauri ya buluu na nyeupe ni ya Kichina kwa udongo, kwa moto na kwa mkono wa fundi, lakini rangi yake, ukubwa wake na hata sababu ya kutengenezwa kwa wingi vilitoka kwa wateja na wafanyabiashara wa ng'ambo, hasa wale wa Bahari ya Hindi. Na shahidi mgumu kuliko wote katika kesi hii ni magudulia mawili ya maua yaliyoko London.

Magudulia hayo huitwa kwa jina la Percival David, tajiri Mwingereza aliyeyakusanya katika karne iliyopita, moja moja, kutoka kwa wamiliki wawili tofauti. Tangu mwaka 2009 yameonyeshwa British Museum pamoja na mkusanyiko wake wote wa kauri. Kila moja lina urefu unaozidi kidogo sentimita 63, shingo ndefu, na mikono miwili yenye umbo la vichwa vya ndovu, umbo lililoigwa kutoka vyombo vya shaba vya mahekalu. Mwilini amejizungusha joka mwenye magamba katikati ya mawingu. Juu yake wanaruka ndege wa ajabu wenye mikia mirefu. Kwingine kuna maua ya yungiyungi na peoni, na shingoni yamesimama majani ya mgomba. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Anayependa utulivu ataona fujo hapa, na sioni ajabu Cao Zhao kuchukizwa na vyombo vya namna hii. Hata hivyo mchoraji alijua alichokuwa akifanya: kila ukanda wa mchoro umekaa mahali pake, na joka, pamoja na mizunguko yake yote, hakubanwa wala hakupwaya.

Uzito wa magudulia haya, hata hivyo, umo katika maandishi yaliyochorwa shingoni, katikati ya yale majani ya mgomba. Yanasema kwamba mtu aitwaye Zhang Wenjin, mkazi wa Yushan katika jimbo linaloitwa leo Jiangxi, mfuasi wa miungu, anatoa chetezo kimoja na magudulia mawili ya maua kwa hekalu la jenerali Hu Jingyi, aliyekuwa akiabudiwa kama mungu, ili jamaa yake yote ihifadhiwe na watoto wake, wa kiume na wa kike, wawe na amani. Kisha inakuja tarehe: siku njema ya mwezi wa nne, mwaka wa kumi na moja wa enzi ya Zhizheng, yaani mwaka 1351. Kuomba amani hakukuwa desturi tupu mwaka ule, kwa kuwa ndio uliozuka uasi wa Vilemba Vyekundu dhidi ya watawala wa Kimongolia, uasi ambao miaka 17 baadaye ulizaa dola ya Ming. Chetezo hakijapatikana hadi leo. Kilichobaki ni jozi ya magudulia na ile tarehe, na kwa mwanahistoria tarehe ina thamani kuliko joka.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama tarehe yenyewe inaaminika, na ana haki ya kuuliza. Kauri za Kichina zimejaa alama za uongo. Mafundi wa enzi ya Kangxi, iliyoanza mwaka 1662, waliandika chini ya vyombo vyao majina ya enzi za Xuande na Chenghua zilizopita miaka 200 nyuma, wakati mwingine kwa heshima ya mabwana wa zamani na wakati mwingine ili wauze. R. L. Hobson wa British Museum alipoandika kuhusu magudulia haya mwaka 1929, wengi hawakushtuka wala kushawishika, kwa sababu iliaminika kwamba kauri ya buluu iliyokomaa kiasi hicho haingeweza kutokea kabla ya enzi ya Ming. Lakini maandishi haya yamechorwa chini ya utando wa kioo, kwa rangi ileile ya joka, kabla ya chombo kuingia tanurini, kwa hiyo hayakuongezwa baadaye. Tena, alama ya uongo hutaja enzi inayosifika. Hakuna tapeli ambaye angehangaika kubuni nadhiri ya mtu wa Yushan asiyejulikana na enzi ambayo wakati huo hakuna aliyeitafuta. Katika miaka ya 1950 John Alexander Pope wa Freer Gallery ya Washington aliyatumia kama kipimo, akavilinganisha nayo vyombo vya jumba la Topkapi huko Istanbul na vya ziara ya Ardabil huko Iran. Akaona mawimbi yaleyale, maua yaleyale, mkono uleule wa uchoraji. Kundi zima la vyombo lililokuwa likielea bila wakati likapata mahali pake katikati ya karne ya 14. Bei nazo zikafuata elimu: mwaka 2005 mtungi mmoja wa kundi hilo, wenye picha ya mzee Guigu akishuka mlimani, uliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 15.

Sasa tuangalie vyombo hivi vinatengenezwaje, maana hoja yangu inaanzia hapo. Mji wa kauri ni Jingdezhen, katika jimbo lilelile la Jiangxi. Mafundi wake walichanganya jiwe la kauri lililosagwa na udongo mweupe wa kaolini, wakafinyanga, wakaacha chombo kikauke. Juu ya udongo huo mkavu, usiochomwa bado, mchoraji alichora kwa unga wa kobalti uliokorogwa na maji. Udongo mkavu hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo mstari ukishachorwa haufutiki. Kisha chombo kilivikwa utando wa kioo na kuchomwa mara moja tu, katika joto linalokaribia nyuzi 1,300. Kobalti inayoingia ni kijivujivu au nyeusi. Buluu huzaliwa ndani ya moto. Rangi nyingi haziwezi kuvumilia joto hilo. Kobalti huweza, ikabaki imefungwa chini ya kioo, na ndiyo maana chombo kilicholala chini ya bahari kwa karne kadhaa hutoka na maua yake kama yalivyokuwa.

Kobalti hiyo ilitoka wapi? China inayo kobalti yake, lakini ina manganizi nyingi, na manganizi huitia rangi ukijivu. Vipimo vya eksirei vya vyombo vya wakati wa magudulia yetu vinaonyesha kobalti yenye chuma kingi na manganizi kidogo, jambo linaloelekeza kwenye machimbo ya nje. Chanzo kinachotajwa zaidi ni Qamsar, kijiji cha milimani karibu na Kashan, Iran. Tunaye shahidi wa maandishi pia: Abu al-Qasim, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi wa Kashan, aliandika mwaka 1301 risala kuhusu ufundi wa ukoo wake, akalitaja jiwe la kutolea buluu la Qamsar ambalo mafundi waliliita sulaimani. Miaka 50 kabla ya nadhiri ya Zhang Wenjin, basi, jiwe hilo lilikuwa bidhaa yenye jina na soko. Wamongolia walikuwa wakitawala China na Iran kwa pamoja, ndugu kwa ndugu, na wafanyabiashara Waislamu walikuwa na majumba na misikiti katika bandari ya Quanzhou. Kobalti ilisafiri kwenda mashariki kama malighafi na kurudi magharibi kama sahani. (Siku hizi kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Katanga, kwa watu wanaosema Kiswahili, na sehemu kubwa yake huenda kusafishwa China kwa ajili ya betri. Njia ni mpya. Mwelekeo si mgeni.)

Wazo lenyewe la kuchora buluu juu ya nyeupe lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kabla ya hapo, tena kwa kurudi nyuma na mbele. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Iraki, hasa wa Basra, walivutiwa na bakuli nyeupe kutoka China. Kwa kuwa hawakuwa na udongo wa kaolini, waliufunika udongo wao wa manjano kwa utando mweupe wenye bati ndani yake. Wakaongeza jambo ambalo Wachina hawakuwa nalo: michoro ya buluu ya kobalti. Karibu na wakati huohuo mafundi wa Gongxian, kaskazini mwa China, walijaribu kuchora kwa buluu pia. Sahani tatu nzima za majaribio hayo zilipatikana katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yapata mwaka 830, na kugunduliwa mwaka 1998 ikiwa na shehena ya vyombo karibu 60,000. Meli yenyewe ilikuwa ya mtindo wa Kiarabu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Michoro ya sahani hizo ina sura ya Mashariki ya Kati. Baadaye majaribio hayo yalififia. Kwa miaka mia kadhaa mafundi wa China walijua kwamba buluu inawezekana, na wakaiacha, kwa sababu wateja wa nyumbani hawakuitaka. Nadhani hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi na wanaosimulia historia ya kauri kana kwamba ni historia ya ustadi tu. Ustadi ulikuwapo, aliyekosekana alikuwa mnunuzi.

Mnunuzi huyo anaonekana wazi ukiangalia ukubwa wa vyombo. Mchina wa karne ya 14 alikula kwa bakuli dogo, kila mtu na lake. Lakini miongoni mwa kauri za buluu za wakati huo zilizohifadhiwa Istanbul na Ardabil mna sahani zenye upana wa sentimita 40 na zaidi, ambazo hazikuwa na kazi katika mlo wa kawaida wa Kichina. Yeyote aliyewahi kukaa mkekani na wenzake kuzunguka sinia la pilau anajua kazi yake bila kuelezwa. Ulaji wa pamoja wa nchi za Kiislamu ndio uliodai sahani hizo, na maumbo yake yalifuata sinia za shaba ambazo watu wa huko walikuwa nazo tayari. Topkapi ina zaidi ya vyombo 10,000 vya Kichina, na vile vya karne ya 14 ni miongoni mwa bora duniani. Ardabil ilipata vyake mwaka 1611, Shah Abbas alipoweka wakfu vyombo 1,162 kwa ziara ya babu yake. Ibn Battuta naye, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na China katika miaka ya 1340, aliandika kwamba kauri ya China husafirishwa hadi India na nchi nyingine mpaka kufika kwao Maghreb. Alikuwa akieleza biashara iliyokuwa ikiendelea mbele ya macho yake, muda mfupi tu kabla ya magudulia ya London kuingia tanurini.

Hapa ndipo yale magudulia yanaponigeukia. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Hormuz. Aliyeyaagiza alikuwa Mchina, hekalu lilikuwa la Kichina, umbo lilitoka kwenye shaba za Kichina, na joka na yule ndege ni vya Kichina kabisa. Zaidi ya hayo, mwaka 1964 huko Baoding na mwaka 1980 huko Gao'an zilichimbuliwa hazina za kauri za enzi ya Wamongolia zenye vyombo vizuri vya buluu, ambavyo havikuwahi kutoka China. Wapo pia wanaosema Wamongolia wenyewe waliziheshimu rangi hizo mbili, nyeupe kwa baraka na buluu kwa mbingu. Pingamizi hili lina nguvu, na linaivunja kabisa ile hadithi nyepesi kwamba kauri ya buluu ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje tu. Sitaitetea. Lakini tazama nani aliyenunua nyumbani: wakuu wa utawala wa kigeni, na mtu wa wilayani mwenye nadhiri, asiye na cheo chochote alichokitaja. Miaka 37 baada ya nadhiri yake msomi Cao Zhao bado alikuwa akikunja uso. Ladha hii haikuanzia kwa wenye kuamua uzuri nchini China ikashuka kwa wengine. Iliingia kwa mlango wa biashara, ikawapata kwanza watu ambao hawakuwa na haja ya kuulinda urithi wa wasomi, na ilichukua vizazi kadhaa hadi ikulu ya Ming ilipoikumbatia katika karne ya 15. Magudulia ya 1351 yanatuonyesha bidhaa ya bahari ikiwa imekwisha kuota mizizi nyumbani. Kwa hiyo yanaihitaji ile historia ya nje ili yaeleweke. Bila hiyo, buluu ya Iran juu ya madhabahu ya kijijini Jiangxi inabaki kitendawili.

Mwingine atasema: malighafi si kitu, wala mteja si fundi, anayenunua kanzu hawi mshonaji. Ni kweli kwamba hakuna mahali pengine duniani palipoweza kufyatua kauri hii kwa wakati ule, na Wairani wenye kobalti, Waturuki wenye fedha na baadaye Wazungu wenye tamaa waliishia kuiga kwa udongo hafifu. Iznik, Kirman na Delft zote ziliiga Jingdezhen. Ulaya haikupata siri ya kauri ngumu hadi mwanzoni mwa karne ya 18, huko Meissen. Heshima ya fundi haiguswi na hoja yangu. Ila kuna tofauti kati ya mteja anayechagua kilichopo na mteja anayesababisha kiwepo. Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki walipeleka vielelezo vya mbao mwaka 1635 ili wafinyanzi wa China wavinakili, na kila mtu anakubali kwamba vyombo vile vina sehemu ya Uholanzi ndani yake. Sioni kwa nini mfanyabiashara Mwislamu wa Quanzhou, aliyeleta rangi na kutaka sahani yenye upana wa sinia miaka 300 kabla, ahesabiwe kuwa mpitanjia.

Na pwani yetu? Ni lazima kusema kwa kiasi. Katika karne ya 14 kauri ya Kichina iliyofika Kilwa na Gedi ilikuwa zaidi ile ya kijani. Buluu na nyeupe ilizidi baadaye, katika karne ya 15 na ya 16, na hata hapo kauri yote ya Kichina ni sehemu ndogo ya vigae vinavyochimbuliwa, ambavyo vingi ni vya vyungu vya wenyeji. Waswahili hawakuwa wateja waliobadilisha umbo la chombo Jingdezhen. Walichobadilisha ni kazi yake. Bakuli lililofinyangwa ili mtu alie wali, hapa lilipachikwa kwenye nguzo ya kaburi, kama Mambrui na Kunduchi, au lilipangwa ndani ya zidaka za nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukutani, mahali pa kuonekana na si pa kutumika. Makaburi mengi sasa yana mashimo tu, kwa kuwa mabakuli yalibanduliwa na wapita njia na wakusanyaji.

Mazoea hayo ya kupamba makaburi na kuta yana matokeo kwa wachimbuaji wa mambo ya kale. James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia mwaka 1948 alikuwa na nanga moja ya wakati, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kwa tabaka nyingine aliegemea sana vigae vya Kichina, na katika miaka hiyohiyo Pope alikuwa akiyatumia magudulia ya 1351 kupanga upya mfululizo wa kauri za karne ya 14. Kwa njia hiyo nadhiri ya Zhang Wenjin imeingia hata katika kuhesabu umri wa vigae vya aina hiyo vinavyookotwa katika miji ya pwani. Lakini kigae hueleza mwaka ambao chombo kilichomwa, si mwaka kilipovunjika. Mabakuli yaliyokaa ukutani au kaburini hayakuvunjika upesi kama ya jikoni; mengine yalirithiwa kutoka bibi hadi mjukuu kabla ya kuingizwa katika chokaa ya kaburi. Kwa hiyo bakuli la mwaka 1500 kwenye nguzo linathibitisha tu kwamba nguzo haikujengwa kabla ya 1500. Ingeweza kujengwa miaka 20 baadaye, au 150, na ni mwenye nyumba wa Kiswahili, si tanuri la Jingdezhen, aliyeamua ni ipi.